Kibodi ya Zaina na Ile Apdeti

Jumatatu, 14 Julai
Makande jikoni, Twaha mgongoni, ukungu mpaka mlangoni. Siku ya tatu sola haishiki chaji. Nikabeba karoti, nikabeba na kishikwambi cha binti yangu Zaina na kibodi yake, nikashuka mjini Lushoto. Nikaviacha kwa fundi simu vichajiwe. Nilipovifuata fundi anatabasamu. Ameniwekea na apdeti, bure. Nikamshukuru sana.
Jioni balaa. Zaina alipokiwasha tu, sauti ikaanza kuropoka mfululizo, nikaizima upesi, nikaiwasha tena. Zaina kabonyeza Alt na mshale wa chini kama siku zote, ili ile sauti imsomee mstari unaofuata. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akainua uso kunitafuta. Miaka tisa haoni, ila akikwama huwa anainua uso hivyo hivyo.

Jumanne, 15 Julai
Nimehangaika tangu asubuhi. Kwanza nimezima ile sauti, maana ikiwa imewashwa mimi siwezi kitu. Kila ninapogusa inatangaza, na lazima ugonge mara mbili. Inanichanganya. Nikazima blutuu, nikawasha. Nikaiondoa kibodi, nikaiunganisha upya. Nikaandika MAMA. Ikatokea MAMA. Nikafurahi, nikawasha sauti, nikampa mwenyewe.
Vilevile. Herufi zinaingia, lakini sauti haimfuati. Hajui yuko mstari gani.
Mtihani ni Jumatano ijayo. Mwalimu Mkuu alishasema, tena kwa upole. Akiuandika mwenyewe kama wenzake, anaendelea na shule yetu. Asipoweza, Januari aende bweni la wasioona, huko chini, mbali kupita Mombo. Si mtu mbaya. Ila sitaki. Mwanangu bado anaota ndoto mbaya, nani atamshika huko?

Alhamisi, 17 Julai
Nimerudi kwa fundi, safari hii na Zaina. Fundi kazima sauti, kaandika jina lake, kaandika na la timu yake. Yote yakatokea.
"Kibodi nzima hii, mama. Mfundishe mtoto."
Watu dukani wakacheka kidogo. Zaina akafungua mdomo kusema kitu. Nikamfinya bega. Mkubwa anaongea. Akanyamaza.
Njia nzima ya kupanda hakuniimbia.

Ijumaa, 18 Julai
Baba Zaina karudi kutoka msikitini, na yeye kajaribu. Kazima sauti, kaandika. "Mbona inaandika?" Eti labda mtoto amesahau vitufe. Eti labda anaogopa mtihani anatafuta sababu. Zaina alikuwa pale pale anasikia.
Mama mkwe naye kutoka jikoni: "Mimi nimelea saba bila kitu cha kuongea. Mashine inamfunza mtoto uvivu!"
Alasiri Baba Zaina kaleta tranka. La bluu. Kaliweka nyuma ya mlango. Nimemchukia. Halafu nikamkuta nje kachuchumaa, anaandika jina la mtoto kwenye mfuniko kwa rangi nyeupe, polepole, ulimi nje kama mwanafunzi. Nikashindwa kumchukia.

Jumapili, 20 Julai
Mwalimu Rahabu kapitia kwetu akitoka kanisani. Ndiye mwalimu wa darasa la Zaina, ndiye aliyemfundisha kibodi. Nikasema huyu ataweza. Kashika kishikwambi, na yeye kazima sauti kwanza. Kaandika, ikatokea. Kakuna kichwa. Akasema yuko tayari kumsomea Zaina maswali na kumwandikia majibu. Nikamwuliza, Mwalimu Mkuu atakubali? Akaangalia chini.
Nimelia jikoni. Nimesingizia moshi.
Kishikwambi nimekifungia kabatini, kisije kikaharibika zaidi.

Jumatatu, 21 Julai
Mungu mkubwa. Niandike polepole.
Zaina hakula chakula cha mchana. Nikamwita nyuma ya nyumba, nikamweka mapajani ingawa ni mkubwa sasa. Nikamwuliza kuna nini. Akachezea ncha ya khanga yangu. Halafu:
"Mama, naweza kusema?"
"Sema."
"Nyinyi wote mnazima sauti kwanza. Ikizimwa, kibodi inakuwa nzima. Ubaya uko kwenye sauti. Na ile siku ya kwanza, mimi nilipoanza tu, ilikuwa inasema habari ya vitufe vipya. Wewe ukaja ukaizima haijamaliza."
Ni kweli. Nilikimbia kuizima, nikidhani ni kelele za kuharibika.
"Wiki nzima mbona hukusema?"
"Wakubwa mlikuwa mnaongea."
Mimi ndiye niliyemfunza. Mimi ndiye niliyemfinya bega.
Nikaenda kabatini, nikakitoa, nikamwekea mapajani. Kwa mazoea mkono wangu ukaenda kwenye sauti. "Usiguse, mama." Nikaikalia mikono yangu miwili.
Akaanza kutelezesha kidole. Sauti inakwenda mbio, mimi hata neno sishiki, yeye anatikisa kichwa tu, siyo hii, siyo hii. Mipangilio. Ile ya msomaji wa skrini, ndiyo hiyo sauti. Kibodi. Halafu kidole kikasimama, sauti ikataja: "Mpangilio wa vitufe: mpya." Akateremka kimoja. "Mpangilio wa zamani." Akagonga mara mbili.
Alt na mshale wa chini.
Ikasoma! Mstari, ukafuata mstari. Apdeti ilibadilisha tu vitufe vya kuiamuru sauti. Kibodi haikuwa na kosa, na mtoto hakuwa na kosa.
Nilipiga kigelegele mpaka mama mkwe akatoka na mwiko mkononi akidhani nyoka. Twaha akalia. Mimi nikalia. Zaina peke yake ndiye alikuwa anacheka.

Jumanne, 22 Julai
Nimemweleza Baba Zaina yote, bila kumlaumu. Kisha akaenda akachuchumaa mbele ya binti yake, akasema, "Nilikosea, mama. Nifundishe." Anamwita mama akiwa na mapenzi naye.
Zaina akamwambia afunge macho, aitafute ile mipangilio kwa kusikiliza. Akafunga. Muda kidogo:
"Baba, unachungulia!"
"Umejuaje?"
"Mtu hafiki haraka hivyo."
Alikuwa anachungulia kweli.
Nami nimemwambia Zaina, ukijua jambo, sema. Anza na samahani, halafu sema. Mama mkwe kaguna. Aache agune.

Jumatano, 23 Julai
Nimesubiri nje ya darasa, chini ya dirisha, na Twaha mgongoni. Nasikia kalamu za wenzake, na katikati yake vitufe. Tik tik tik. Vikanyamaza. Kisha sauti yake:
"Samahani mwalimu, swali la nne na la tano ni swali moja."
Mwalimu Rahabu akaangalia. Ni kweli, alilichapa mara mbili. Darasa likacheka, na mwalimu akacheka. Vitufe vikaendelea.
Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni muda mrefu, mikono nyuma. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kugeuka.
Hakumaliza wa kwanza. Hakumaliza wa mwisho.

Ijumaa, 25 Julai
Hesabu kakosa nyingi. Kiswahili kawapita wengi. Mwalimu Mkuu kasema, "Huyu anaendelea hapa hapa," kwa haraka, kama mtu anayetaja siku ya kikao. Kisha akawageukia wazazi wengine. Nikatamani kumwomba arudie.
Baba Zaina kaweka mbegu za maharage kwenye tranka. Kasema panya hawafiki humo. Jina hajalifuta.

Jumapili, 27 Julai
Jua limetoka. Nimeanika blanketi zote. Tumekula machenza ya jirani, bado machachu kidogo.
Mchana nimemkata Zaina kucha. Amelala tukiwa mkono wa pili, kichwa kwenye paja langu, mkono wake ndani ya wangu. Nilimaliza taratibu, asishtuke. Vidole vimekuwa virefu. Sikuwa nimeviangalia vizuri siku nyingi.
Sikumwamsha. Kivuli kilipotufikia nilimsogeza juani, nikaendelea kukaa.