Mpaka ni Maji

Bungu, 14 Julai 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshapona kile kifua, na mama awe ameacha kubeba ndoo nilizomkataza. Mimi sijambo, ila vumbi la chaki linanimaliza koo.

Nimeandika kwa sababu mtandao wa Maparoni unaujua mwenyewe, ukifika penye maana unakatika. Na nina jambo la kukufurahisha. Kidato cha tatu nawafundisha jinsi mito, milima na mipaka inavyozaa vita. Niliwaeleza wazungu walivyochora mistari kwenye ramani wakiwa mezani kwao, ukoo mmoja ukajikuta nchi mbili. Wakapiga miayo. Nikaona niwape cha nyumbani.

Nikawasimulia shamba letu na la mzee Kondo, mibono uliyopanda iwe mpaka, Kondo alivyoing'oa kwa uroho wake, na kaka Khamis alivyokatwa vidole viwili akiilinda. Jina nililitaja, kwani uongo? Darasa zima likaamka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo babu mwizi alifungwa?" Tukacheka sana. Msichana mmoja tu, Swaumu, ambaye kwa kawaida hujibu kila swali, aliinamia daftari lake mpaka kengele ikalia.

Niandikie ilikuwa mwaka gani hasa. Nataka nichore ramani yake ubaoni.

Ni mimi mwanao,
Zuhra


Maparoni, 22 Julai

Mwanangu Zuhra,

Marahaba. Kifua kimetulia. Mama yako kuhusu ndoo hasikii la mtu. Mpunga tumeshauingiza ndani, sasa panya ndio wanaotutoa jasho.

Mwaka siukumbuki. Wafundishe vita vya wazungu, si ndivyo vilivyomo kitabuni? Mambo ya shamba yalikwisha, na Khamis mwenyewe keshasahau. Ramani usichore.

Ni mimi baba yako


Bungu, 30 Julai

Baba,

Shikamoo. Afya zenu naziulizia mbiombio, unisamehe, maana sina raha.

Swaumu hajaja shule tangu somo lile. Jana nilikwenda kwao, nyuma ya vibanda vya machungwa kando ya barabara. Aliyenifungulia mlango ni babu yake. Baba, ni Kondo. Nimemtukana mzee wa watu mbele ya mjukuu wake, watoto wakacheka, na mimi nikacheka nao. Natamani ardhi inimeze.

Hakunifukuza. Alinipa kigoda, akaniuliza nyie wazima, kisha akasema, "Hebu mwalimu, kabla ya mibono, mpaka wetu ulikuwa nini?"

Nikabahatisha njia, akatikisa kichwa. Mwalimu mzima wa jiografia! Akasema, "Kamuulize baba'ako. Nikikwambia mie, yatakuwa maneno ya mwizi."

Swaumu hakutoka chumbani. Alisema kwa sauti, nisikie, kwamba hatarudi kwenye darasa ambalo babu yake ni mwizi. Mwakani ana mtihani wa taifa, na hakuna mtoto anayemfikia pale shuleni. Akiacha, nimemwachisha mimi.

Baba, mpaka ulikuwa nini?

Mwanao, Zuhra


Maparoni, 8 Septemba

Mwanangu Zuhra,

Marahaba. Umeandika tena mara mbili, nami nimekaa kimya. Leo mama yako ameniwekea karatasi mbele, akaondoka na sahani ya wali. Amesema nitakula nikimaliza.

Mpaka ulikuwa maji. Kile kijito tulikirithi mimi na Kondo kwa wazee wetu, huku kwangu, kule kwake. Mwaka mmoja mafuriko yakakisogeza upande wake, shamba langu likapanuka. Kondo alilalamika. Nikamwambia mpaka ni maji, Mungu ndiye kasogeza. Akakubali.

Ulipokuwa darasa la tatu, mafuriko mengine yakakirudisha kijito pale pa zamani. Sasa ilikuwa zamu yangu ya kukubali. Nilishindwa, mwanangu. Nilikuwa nimeshazoea ule upana. Mama yake Kondo akafariki, naye akaenda matangani kwa siku saba. Siku ya tatu, watu wote wakiwa msibani, mimi nilikuwa nachomeka mibono kwenye mkondo uliokauka. Ule mti hauchagui, ukichomekwa unashika. Aliporudi nikamwambia mpaka ni mibono. Akaing'oa. Nikamtuma Khamis akailinde, na panga mkononi nilimpa mimi. Wakalinyang'anyana wote wawili, vidole vikakatika. Mengine unayajua. Kijiji kizima kikamlaumu Kondo kwa vile vidole, akahama na watu wake, nami nikapanda mibono mipya.

Khamis hajui hadi leo. Akishika jembe, mimi huangalia pembeni.

Hiyo ndiyo ramani uliyoitaka. Wasomee ukitaka. Ukiona haya kuwa na baba kama mimi, ichome.

Baba yako


Bungu, 15 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini ule wali ulikula.

Sikuichoma. Nilikwenda kwanza kwa mzee Kondo na kumwomba radhi, nikamwomba Swaumu aje siku moja tu. Alikuja, akakaa nyuma kabisa. Niliwaambia wanafunzi kwamba niliwadanganya bila kujua, na kwamba jina nililolichafua ni la mtu safi. Nikaanza kukusoma. Nilipofika penye matanga machozi yakanitoka mbele ya watoto arobaini. Swaumu akainuka, akaja mbele, akaichukua barua mkononi mwangu na kuisoma mpaka mwisho bila kutetereka.

Hakuna aliyecheka. Kisha yule yule wa siku ile akauliza, "Mwalimu, na shamba je?"

Swaumu akaniangalia. Baba, nimewaambia nitawajibu. Niwajibu nini?

Zuhra wako


Maparoni, 26 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Wajibu hivi.

Khamis nimemwambia. Hakunitazama. Alichukua panga, nami sikukimbia, nikasema lolote atakalonifanya ni haki yake. Akanipita, akaenda shambani, akaanza na mibono. Imemchukua siku tatu. Ameing'oa yote hadi mizizi, kwa mkono ule ule wa vidole vitatu, na hakutaka nimsaidie.

Mwambie Kondo aje. Mpaka wetu wa maji anaujua yeye. Atangulie, mimi nitamfuata nyuma.

Baba yako