Nafasi ya Kuchora Mlango

Mulembe, Mayi, mama yangu,

Mvua ya Kitale imenibana sokoni, mahindi choma mkononi. Ukutani wamebandika mchoro wa soko jipya, na kalamu inaning'inia kwa uzi ili kila mwananchi aongeze wazo lake. Unatujua Wakenya tukiombwa maoni! Huyu ameongeza lango la pili, yule mnara wa saa, mwingine ukumbi wa harusi. Kuna aliyechora kanisa.

Mama mboga mmoja aliutazama mchoro huo kwa makini. "Ni safi, bana," akasema. "Sasa si mnionyeshe mahali mimi nitakaa?"

Watu walicheka. Mimi nilikumbuka nyumba tunayokujengea hapo Bumula. Kwenye grupu ya familia, sisi wanao tunaichora kila siku: Wanjala ameweka roshani, Nafula anataka vigae, mimi nimepanua madirisha. Jiko lako la kuni tulilifuta, na sote tukapiga makofi. Lakini wewe mwenye nyumba hujaingizwa kwenye grupu, kwa sababu simu yako ni katululu, ya kupiga na kupokea tu.

Ndiyo maana nakuandikia kadi. Fundi nimemwambia angoje. Hapa chini nimekuachia nafasi. Chukua kipande cha makaa hapo mekoni, uchore unapotaka mlango, na unapotaka moto wako, halafu umpe Nafula aniletee. Usiogope kuchafua kadi.

Ulale salama, Mayi, na mvua isikufikie kitandani.

Mwanao,
Wafula