Dakika Mbili za Mama Kendi

Alhamisi, saa kumi jioni. Ukungu umekaa juu ya mashamba ya waru, viazi vyetu vya huku, tangu asubuhi na hauna mpango wa kuondoka. Watoto wa chekechea nimewaruhusu mapema kidogo, kwa sababu leo sikuwa na sauti ya kuwaimbia. Siumwi. Nina aibu.

Nitaandika yote, maana nikianza kuchagua nitajipendelea.

Jana wadi yetu hapa Kibirichia ilikuwa na kikao cha maoni ya wananchi, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu wa kaunti wanakuja, wanauliza kila kijiji kinataka nini kwenye bajeti, wanaandika, wanaondoka. Kila kijiji msemaji mmoja, kila msemaji dakika mbili. Sisi tulikuwa na jambo moja tu: daraja. Kati ya kijiji chetu na barabara kuna mto, na juu ya mto kuna magogo mawili. Msimu wa mvua uliopita, jirani yangu Mama Kendi aliteleza pale akiwa na mzigo wa waru mgongoni, akavunjika mguu. Mpaka leo anatembea na mkongojo.

Msemaji alikuwa awe yeye. Wanawake walimchagua, na nani angemkatalia mtu aliyevunjika mguu kwa ajili ya jambo lenyewe? Jana asubuhi alivuka magogo yale akiwa ameketi, anajisogeza kidogo kidogo, mkongojo nimemshikia mimi. Tulipofika mlangoni mwa ukumbi akanivuta kando.

“Mwalimu, chukua nafasi yangu. Mimi Kiswahili yangu ni ya kuuza waru. Wewe unajua kuongea mbele ya watu.”

Nilipaswa kumwambia kwamba anaweza kusema kwa Kimeru. Tangazo lililobandikwa hapo hapo mlangoni lilisema hivyo. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshakiona kipaza sauti.

Harusi nyingi za huku MC ni mimi. Watu wananisifu, na sifa nimezizoea vibaya.

Nilianza na sala fupi. Nikazingatia itifaki: mheshimiwa mwakilishi wadi, bwana chifu, wachungaji mmoja mmoja kwa majina, maofisa wa kaunti, wazee, akina mama, vijana. Nikawaambia wageni kwamba baridi ya Kibirichia haiogopi cheo cha mtu, ukumbi ukacheka. Nikaongeza mzaha mwingine, wakacheka zaidi. Nilikuwa nimefika kwenye methali ya haraka haraka haina baraka wakati kengele ilipolia.

Mwenyekiti naye alikuwa anacheka. “Tumuongezee mwalimu nusu dakika. Huyu anajua kupanga maneno.”

Nusu dakika ile ingetosha kuomba madaraja matatu. Niliitumia kushukuru.

Baada yangu alisimama mzee wa kijiji cha juu, vifungo vya koti lake vimefungwa kombo. “Tangi yetu ya maji ilipasuka. Tunataka ingine. Ni hayo tu.” Akaketi. Mimi nilimhurumia, nikaona maskini, hajui kuongea.

Mwishoni karani akasoma alichoandika. Kijiji cha juu: tangi la maji. Kijiji chetu: wametoa shukrani. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu ana marekebisho.

Mpaka hapo nilikuwa nimefanya ujinga tu, na ujinga husamehewa. Lakini swali lile nililisikia vizuri. Kuinua mkono kulikuwa kukiri mbele ya ukumbi mzima kwamba MC hodari amesahau alichotumwa. Nikasubiri mtu mwingine wa kwetu aseme. Nadhani na wao walikuwa wananisubiri mimi, wakiamini mwalimu anajua anachofanya. Karani akafunga daftari.

Sikuinua mkono.

Nje watu wawili watatu wakanipongeza. Mama Kendi alikuja mwisho, polepole.

“Umeongea vizuri, mwalimu. Lakini ile daraja ulisema saa ngapi? Ama ni mimi sikuelewa? Hii Kiswahili yenu ni mingi.”

Heri angenifokea. Alijilaumu yeye.

“Nilisema, Mama Kendi,” nikamjibu. “Pale mwishoni.”

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tulirudi pamoja, na mtoni akaketi tena juu ya magogo, akaanza kujisogeza. Nilisimama nyuma yake na mkongojo wake, nikitazama maji kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

Leo mchana amenipigia simu. Amewaambia wanawake wa kikundi cha kanisa kwamba daraja limeshaombwa, na Jumapili wanataka kuniita mbele waniombee. Nilijibu, “Amina.” Kweli nilijibu hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu mwisho wake ni Jumapili, mbele ya madhabahu.

Nimeuliza ofisi ya wadi. Wanapokea maoni ya maandishi mpaka kesho jioni. Barua nimeshaiandika, mistari mitatu, na haikuwa ngumu. Nikiipeleka kimya kimya na daraja likaingia kwenye orodha, hakuna atakayejua. Nitaombewa, kila mtu atafurahi. Wazo hilo nimekaa nalo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali.

Lakini nafasi ile ilikuwa yake. Barua inafaa kuwa na jina lake, na yeye ajue kwa nini inaandikwa. Najua pia kwamba Mama Kendi hasomi blogu hii yangu, kwa hiyo kuungama hapa hakujanigharimu chochote.

Kesho asubuhi kabla ya shule nitabisha hodi kwake. Nitamwambia kwa Kimeru, maana kwa Kiswahili najijua, nitaanza kupamba. Nitasema: Mama Kendi, daraja sikulitaja, na ulipouliza nilikudanganya. Kisha nitanyamaza, aamue yeye kama bado ananiamini hata kwa kubeba barua.