Kurasa arobaini na moja za mamamkwe

Shosti, nimejifungia bafuni.

Kompyuta ya mamamkwe imegoma, inaandika kumbukumbu haitoshi. Mimi na kiherehere changu nikasema, lete nitazame.

Kumbe hajawahi kufunga ukurasa hata mmoja wa mtandaoni. Arobaini na moja, shosti. Arobaini na moja. Nafunga mmoja mmoja, yeye kasimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Dawa ya magoti. Mapazia. Dawa ya magoti tena.

Nikafika kwenye huu: "Namna ya kula chakula kibaya cha mkwe bila kumuudhi."

Nikapeleka kishale niufunge. Yeye akavuta kiti, akavaa miwani.

"Huo usifunge, mwanangu. Sijafika mwisho."

Sasa ananiita mezani. Leo nimepika mimi.