Nilimwita Mama Mkwe "Chichi"

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijajifungua, maana mama mkwe wangu hataki kuja, na yeye ndiye aliyenihudumia nilipojifungua mtoto wa kwanza, na kisa chote ni neno moja. Siku ya komunyo ya huyo mtoto, hapa Mollo, mama alivaa gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe, lenye lesi kifuani na mikononi, akapendeza kweli, na mimi nilipopewa kipaza sauti niwashukuru wageni nikasema, "Mama yetu leo ni chichi kabisa," kwa sababu dada mmoja anayeuza nguo mtandaoni husema hivyo kila akionyesha gauni zuri, watu wakapiga vigelegele, mama akacheka, ndipo shemeji Flavian, aliyesoma Kifaransa chuoni, akasema wote wakisikia, "Shemeji, unajua umemwambia mama kajipamba kupita kiasi ili aonekane?" Mama akaingia ndani, akatoka na kanga zake za kila siku, akagawa chakula bila kunitazama, na sasa kila nikimtuma mume wangu Kasimiri akamwombe, anarudi na jibu lile lile: "Mwambie mkeo atafute wa kumwogesha mtoto anayejua Kifaransa." Nimebakiza wiki tatu.

Bertilla, Mollo

Bertilla, pole. Flavian alitafsiri sawasawa. Kwa Wafaransa, chichi ni madoido ya mtu anayejifanya. Wauza nguo wamelichukua wakalifanya sifa, kwa hiyo na wewe hukusikia vibaya. Ila hukuuliza, na neno usilolijua hulijaribii kwa mkwe, tena kwenye kipaza sauti. "Umependeza" lingetosha, na mkalimani asingehitajika. Shemeji yako naye angeweza kunyamaza. Huyo namwachia mama yake.

Acha kumtuma Kasimiri. Aliyesema ni wewe. Nenda mwenyewe Jumamosi hii, ungali unaweza kutembea. Usibebe kamusi, wala simu ya kumwonyesha yule muuza nguo. Mama alishona gauni kwa mikono yake, akalivaa kwa saa moja tu. Kinachomuuma ni hicho. Mwamkie, kisha umwambie kwa Kifipa, kama mnavyozungumza nyumbani, kwamba alipendeza na wewe ulikosea neno. Sentensi mbili. Ukianza kuupamba msamaha, hiyo ndiyo chichi yenyewe.

Halafu mwombe alivae tena siku ya ubatizo wa huyo anayekuja. Akiuliza ni lini, rudi nyumbani ukamtandikie kitanda.