Mshitaki wa Mtume Yakobo

Stechford, Birmingham
Jumapili jioni

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, ila baridi. Kahawa ya kutafuna uliyotuma imefika. Wajukuu wako wameitema.

Leo kanisani tuliigiza kifo cha Mtume Yakobo, na mwanao Projestus ndiye aliyekuwa Yakobo. Wa kuigiza mshitaki wake, yule aliyeiona imani ya mtume akatubu njiani, akauawa pamoja naye, alibanwa na zamu kazini. Padri akamsukuma mbele shemeji Respicius.

Mama, tulikuficha. Tangu msiba wa Baba, wanao hawa wawili hawakuwa wakisalimiana.

Respicius akapiga magoti, akasema, "Nisamehe." Yakobo alitakiwa kumbusu na kumwambia, "Amani iwe kwako," kisha wakatwe vichwa. Projestus akamkumbatia, akamnong'oneza kwa Kihaya, wala hakumwachia. Wakalia, mara wakacheka. Askari akasubiri na upanga wake wa boksi hadi mkono ukachoka, akauliza, "Padri, nikate au niache?"

Padri akasema twende tukale.

Kwa hiyo, Mama, huku kwetu Yakobo bado hajafa. Yuko jikoni, anagombea ukoko na mshitaki wake.

Mkweo,
Kokushubira