Jina Nililompa Wifi

Jumatatu, 3 Mei 1993

Baridi. Madaftari ya hesabu ya darasa la nne bado hayajaisha kusahihishwa. Saa nne wifi alipita nje ya shule na beseni la sweta kichwani, anakwenda sokoni. Watoto wakakimbilia dirishani. "Mzungu koko, mzungu koko." Nikagonga meza kwa rula, wakarudi kukaa. Sikuwauliza neno hilo wamelitoa wapi. Najua lilikotoka.

Jumatano, 5 Mei

Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Mdogo wangu Gaudensi alisomea ufundi wa matrekta Polandi. Akaoa huko, akakaa miaka, mwaka juzi akarudi na mkewe Danuta na mtoto wao Lusia. Akapata kazi kiwandani. Kiwanda kikauzwa, akapunguzwa. Sasa wamepanga vyumba viwili mtaa wa Mfaranyaki. Danuta anafuma sweta na kuuza. Maji anachota bombani, foleni ileile ya wote.

Ukoo mzima tulitegemea makubwa. Mzungu, jamani. Akashuka na sanduku moja. Baba yake alichimba makaa ya mawe, mama yake alifagia nyumba za watu. Nikaona aibu mbele ya wenzangu, na aibu ikageuka hasira. Desemba, ofisini kwa walimu, nikasema: "Mdogo wangu katuletea mzungu koko." Walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Siku chache baadaye nililisikia sokoni.

Ijumaa, 7 Mei

Lusia alikuja kwangu baada ya masomo. Ana miaka minane. Nilimpa viazi vitamu. Akawa anamenya, hanitazami.

"Shangazi, koko ni yule mbwa asiye na mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Mama ni mbwa?"

Nikasema hapana.

"Na mimi?"

Nilimvuta nikaanza kumsuka, nipate kuwa nyuma yake, asinione uso. Mistari sita. Nywele zake laini, zinateleza vidoleni. Akasinzia mapajani kwangu kabla sijamaliza. Nampenda mtoto huyu mpaka naogopa.

Jumatatu, 10 Mei

Mabishano ofisini saa ya chai. Mwalimu Saidi, yule wa Tunduru, ndiye aliyeanza. Mpole, hapendi makelele. Alisema jina wanaloitwa mama Lusia na mwanawe ni ubaguzi wa rangi, na sisi walimu tunalinyamazia.

Mwalimu Mkuu akaweka kikombe. "Mzungu abaguliwe na nani hapa? Babu zetu waliwabeba hawa mabegani. Walituita washenzi. Hilo ni neno la umaskini tu. Hata sisi tunaitana makabwela."

"Kabwela ni mtu yeyote," Saidi akajibu. "Mimi kabwela, wewe kabwela. Hilo la koko tunamwita nani mwingine?"

"Wazungu wa mradi wanapita na magari yao, nani anawaita koko? Kwa hiyo si rangi."

"Ni rangi, Mwalimu. Tunamwambia kwamba ngozi yake ilipaswa kuja na mali. Kwa kuwa haikuja, si mtu."

Kengele ikalia. Nikachukua chaki, nikaenda darasani. Nimelifikiria kutwa nzima. Babu yangu alichapwa viboko na wazungu, mgongo wake niliuona kwa macho yangu. Siwezi kulinganisha neno langu na mgongo ule. Lakini Lusia naye nimemwona.

Jumamosi, 15 Mei

Gaudensi alikuja asubuhi, amekonda. Danuta anataka kurudi kwao na mtoto. Ameandika barua kwa mama yake. Jana sokoni akina mama walisukuma beseni lake nje ya mstari, wakamwambia aende kwa wazungu wenzake. Njiani akakutana na wazungu wenzake wana gari, wakatazama kandambili zake, wakapita.

"Dada, wewe unafahamiana na watu wote. Nitafutie aliyeanzisha jina hilo. Nataka nimtazame tu machoni."

Alikuwa ananitazama machoni. Nikamwambia anywe uji.

Mwoga. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 16 Mei

Misa ya kwanza. Sikwenda kukomunika. Nilitoka kanisani moja kwa moja hadi kwao. Gaudensi hakuwepo. Wifi alikuwa uani anachambua maharage. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikasema yote: Desemba, ofisini, kicheko.

Hakuacha kuchambua.

"Nilijua, wifi. Tangu Januari. Mtu akicheka sana mbele yangu, namwuliza. Waliniambia."

Januari. Na Pasaka alinipikia. Nilipougua malaria alinifulia nguo.

Nikamwuliza kama kwake huo ni ubaguzi. Swali la kijinga, lakini lilikuwa linanitafuna. Alijibu huku anatafuta maneno. Kiswahili chake bado kinakwenda taratibu.

"Kwetu wenye nyumba walimwita mama jina. Baya kama hili. Weupe kwa weupe. Ilikuwa dharau, na niliikimbia. Huku mnaanza na ngozi. Mzungu, halafu koko. Umaskini naweza kutoka, labda. Lusia atatokaje kwenye ngozi?"

Nililia. Yeye hakulia. Akasema hataki machozi, anataka niwaambie walewale waliocheka. Na Gaudensi nimwambie mwenyewe.

Jumanne, 18 Mei

Nimesema. Ofisini kwanza. Mwalimu Mkuu alisema nakuza mambo. Saidi alisogeza kiti nikae. Kisha darasa la nne. Niliwaambia neno hilo nililitunga mimi, mwalimu wao, na nilikosea. Walishangaa. Hawajawahi kumsikia mwalimu akisema hivyo.

Jioni Gaudensi. Alinitazama machoni kama alivyotaka. Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 28 Mei

Siku kumi hanisalimii. Nimemlea mimi, nilimbeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Inauma. Ni haki yake.

Jina halijafa. Leo nililisikia dukani kutoka kwa mtu mzima. Nilimwambia aache. Alinicheka, akauliza nimelipwa nini na mzungu. Lakini darasa la nne sijalisikia wiki nzima.

Jumapili, 6 Juni

Gaudensi alinikuta nje ya kanisa. "Shikamoo, dada." Basi. Nikaitika. Danuta bado hajaamua. Barua ya mama yake imekuja, hajasema ina nini. Sikuuliza.

Jumamosi, 12 Juni

Tumekwenda kijijini Mpitimbi wote, kwenye lori, kumsaidia mama kuvuna mahindi. Wifi aliomba mwenyewe kuja. Kutwa jua zuri. Gaudensi akivunja, sisi tukimenya maganda. Lusia anakimbizana na kuku.

Jirani alipita njiani, akasimama kumshangaa wifi. Akamwuliza mama huyo mzungu katoka wapi.

Mama hakuinua kichwa. "Ni mkwe wangu. Anamenya polepole, ila anamenya safi."

Wifi alicheka kwa sauti. Sijawahi kumsikia hivyo. Akasogea akakaa karibu yangu, bega kwa bega, na tukaendelea na mahindi mpaka jua likashuka.